JOKA, HAZINA NA MCHUMBA
Somo la kusoma riwaya za mapenzi zenye majoka

Katika lugha yetu, tukitaka kutaja kitu kilichozidi kipimo chake, twakitia katika ngeli ya JI-MA. Nyumba kubwa ni jumba, mtu mkubwa wa kutisha ni jitu, na nyoka aliyepita kiasi ni joka. Basi joka si mnyama mgeni kwa Mswahili. Ni nyoka tumjuaye, ila ameongezwa mpaka hapana shimo limtoshalo. Joka la hadithi za Wazungu lina mbawa, miguu na moto kinywani. La hadithi zetu mara nyingi lina vichwa saba.

Siku hizi majoka ya Kizungu yamerudi kwa nguvu, nayo yamekuja pamoja na wachumba. Riwaya nyingi za Kiingereza zachanganya mambo matatu: nchi ya kubuni, majoka, na mapenzi ya kijana na msichana. Mathalani, riwaya ya Onyx Storm ya mwandishi wa Marekani Rebecca Yarros ilitoka Januari 2025, na katika wiki yake ya kwanza ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 2.7. Wazazi wakiona vitabu vya namna hii huuliza, "Huu si upuuzi?" Nao wanafunzi huuliza, "Mbona twakatazwa kila kinachopendeza?"

Somo hili halikusudii kuzisifu riwaya hizo wala kuzilaani. Lakusudia kuonyesha jinsi ya kuzisoma kwa akili. Nasi tutashika swali moja tangu mwanzo mpaka mwisho: Je, msichana wa kisa hiki anapendwa, au analindwa kama mali? Ili tulielewe swali hilo, hatuna budi kuanza na majoka ya zamani.

1. Joka linalolalia hazina

Katika utenzi wa kale wa Waingereza uitwao Beowulf, joka limelala juu ya dhahabu iliyozikwa na watu waliokwisha kufa. Halili dhahabu, halivai wala haliuzi, hulinda tu. Siku moja mtu mmoja akaiba kikombe kimoja, na joka likatoka kwa hasira kuchoma nchi nzima. Mfalme Beowulf, ambaye alikuwa ametawala miaka 50, akaenda kupigana nalo. Wenzake wote wakakimbilia mwituni, akabaki kijana mmoja tu, jina lake Wiglaf. Joka likafa, na mfalme naye akafa.

J. R. R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, alikuwa profesa wa lugha hiyo ya kale katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1937 alitoa kitabu cha watoto, The Hobbit, na ndani yake mna joka liitwalo Smaug, lenye kulalia dhahabu ya watu wengine. Humo pia kikombe chaibwa na joka lakasirika. Lakini Tolkien aliongeza jambo la maana. Smaug akiisha kufa, Thorin, mkuu wa wale waliokuja kudai dhahabu yao, anaanza naye kuwa na moyo wa joka. Anajifungia ndani na hazina, hataki kuwapa hata wale walioteketezewa mji wao.

Sasa tutazame pwani yetu, maana jambo hilohilo limo katika hadithi za Unguja. Katika kitabu cha Edward Steere kiitwacho Swahili Tales, kilichochapishwa London mwaka 1870, mna kisa cha Sultani Darai. Masikini mmoja alikuwa akichakura jaani kutafuta punje za mtama. Siku moja akaokota thumuni, akanunua paa. Paa yule akasema kama mtu, akamposea bwana wake binti wa Sultani, kisha akatangulia kumtafutia makao. Akafika katika jumba kubwa lenye mali nyingi, naye mwenye jumba ni joka la vichwa saba. Paa akavikata vichwa kimoja kimoja, na jumba likawa la bwana wake.

Wengi hudhani kisa kimekwisha hapo. La, hapo ndipo kinapoanza. Paa alipougua, bwana wake hakwenda hata kumtazama. Mke ndiye aliyesikitika na kumhurumia. Paa akafa, akatupwa kisimani. Na mwishowe yule bwana akajikuta yuko jaani tena, akichakura kama zamani.

Angalieni jinsi visa viwili vinavyokutana, kimoja cha Oxford na kimoja cha Unguja. Joka limekufa, lakini tabia ya joka imehamia kwa mwenye nyumba mpya. Joka, basi, si magamba na mbawa peke yake. Joka ni moyo unaoshika bila kutumia, unaolinda bila kupenda, na unaomsahau aliyetoa msaada.

2. Binti aliyetolewa awe chakula

Katika hadithi hizo za hazina, mwanamke hana kazi kubwa. Mahali alipoanza kuonekana mbele ya joka, alionekana kama chakula. Mfano ujulikanao sana ni kisa cha Mtakatifu Georgi, kama kilivyoandikwa na Jacobus de Voragine wa Italia katika karne ya 13. Yeye anakiweka kisa hicho Afrika, katika mji wa Silena nchini Libya. Joka likawa karibu na mji, na watu wakalipa kondoo. Kondoo walipopungua wakapiga kura kutoa watoto wao, na kura ikamwangukia binti wa mfalme.

Georgi alipofika alilichoma joka kwa mkuki, lakini hakuliua papo hapo. Alimwambia binti afungue mshipi wake alifunge joka shingoni, nalo likamfuata mpaka mjini kama mbwa aliyefugwa. Wachoraji wengi humchora Georgi juu ya farasi, na binti nyuma akiomba. Wachache humkumbuka binti huyu akitembea mbele, mshipi mkononi, joka likimfuata. Tukumbuke picha hiyo, kwa maana riwaya za leo zimekua kutoka hapo: msichana aliyekuwa chakula sasa ameshika kamba.

3. Joka aliye mume

Kuna jamii ya tatu ya hadithi, na hiyo ndiyo mama wa riwaya za mapenzi ya viumbe vya ajabu. Humo joka si adui wala mlinzi. Joka ni mume.

Kisa cha namna hiyo kilicho maarufu kuliko vyote viliyoandikwa zamani kiliandikwa na mtu wa Afrika. Apuleius alizaliwa karibu na mwaka 125 katika mji wa Madauros, ambao magofu yake yako Algeria. Aliandika kwa Kilatini, na katika kitabu chake kiitwacho Punda wa Dhahabu alitia kisa cha msichana Psyche. Baba yake Psyche, mfalme, alikwenda kuuliza katika hekalu la Apollo habari za ndoa ya bintiye. Akajibiwa kwamba amvike mavazi ya maziko, amweke juu ya jabali, maana mume wake si binadamu, bali ni kiumbe mkali mfano wa nyoka, mwenye mbawa.

Psyche akawekwa jabalini. Upepo ukamchukua taratibu mpaka katika jumba zuri, na usiku mume akaja gizani. Alikuwa mpole, lakini alitoa sharti moja: Psyche asimtazame uso. Dada zake wakamtia hofu, wakamwambia amelala na joka litakalommeza. Ndipo Psyche akawasha taa ya mafuta, akashika wembe mkononi, akamtazama. Kumbe mume ni Cupid, mungu wa mapenzi! Tone la mafuta ya moto likamwangukia begani, akaamka, akaruka akaenda zake. Psyche hakukaa kulia tu. Alimtafuta nchi nyingi, akapewa kazi ngumu na mama mkwe wake, Venus, mpaka kushuka kuzimu, na mwisho wakaoana mbele ya miungu.

Wengi husema Psyche alikosa kwa kuvunja sharti. Na kweli aliumia. Lakini tujiulize: ndoa gani hii ambayo mke hana ruhusa ya kumjua mumewe? Kabla ya taa, Psyche alikuwa kama kikombe katika hazina: amewekwa pazuri, hakosi kitu, wala haulizwi neno. Baada ya taa alipata taabu, lakini alikuwa mtu. Ndoa ya gizani ilikwisha. Ile ya mwangani ikadumu.

Waxhosa wa Afrika Kusini nao wana kisa chao cha mume nyoka, kilichochapishwa na G. M. Theal mwaka 1882. Mkuu mmoja, Makanda Mahlanu, yaani Vichwa Vitano, alitafuta mke. Binti wa kwanza alikwenda peke yake kwa kiburi. Panya alipotaka kumwonyesha njia, alimfukuza. Wa pili alikwenda na ndugu zake, akasikiliza kila aliyempa shauri. Upepo mkali ukavuma, na bwana arusi akaingia: nyoka mkubwa mwenye vichwa vitano. Wa kwanza aliuawa. Wa pili alimwandalia chakula kizuri bila kutetemeka, na nyoka akageuka mtu.

Hapa yafaa tuwe waangalifu. Kisa hiki kinasifu adabu na utulivu, na ni sifa njema. Lakini msomaji wa leo asitoe humo fundisho kwamba mume akiwa mkali, mke akivumilia sana atageuka mwema. Katika hadithi nyoka alikuwa chini ya uchawi, na uchawi huisha. Ukali wa binadamu si uchawi, wala hauishi kwa kupikiwa vizuri.

4. Joka aliye mwenzi

Mwaka 1968 jambo jipya lilitokea. Mwandishi wa Marekani, Anne McCaffrey, alitoa riwaya ya Dragonflight. Joka lake haliibi, halili mabinti, wala si mume. Ni mwenzi. Katika nchi yake ya kubuni, Pern, nyuzi huanguka kutoka angani na kuteketeza kila kilicho hai. Majoka hutafuna jiwe maalumu, hutoa moto, na kuziunguza nyuzi hizo zikiwa bado hewani. Kila joka likianguliwa humchagua binadamu mmoja, nao huzungumza kwa mawazo maisha yao yote. Msichana Lessa, ambaye jamaa zake waliuawa akabaki mtumishi katika nyumba iliyokuwa ya baba yake, anachaguliwa na Ramoth, malkia wa majoka.

Hapa kuna badiliko kubwa. Kwanza, joka sasa halilindi dhahabu, linawalinda watu. Pili, halimilikiwi kwa nguvu; huchagua. Lakini hata katika riwaya hii swali letu lina kazi. Majoka wawili wakipandana, hisia zao huwavuta wapandaji wao pia, na ndivyo Lessa na kiongozi F'lar walivyounganishwa. Je, Lessa aliulizwa? Msomaji mwerevu atasimama hapo na kufikiri, hata kama kitabu chenyewe chaenda mbio.

Baada ya McCaffrey njia ilikuwa wazi. Christopher Paolini wa Marekani alianza kuandika Eragon akiwa na umri wa miaka 15. Wazazi wake walikichapisha wenyewe mwaka 2002, na mwaka 2003 kikatolewa na kampuni kubwa. Humo mvulana wa shamba anaokota yai, na joka la kike, Saphira, linamchagua.

Kisha mwaka 2023 Rebecca Yarros alitoa Fourth Wing, ambayo ndiyo kitabu cha kwanza katika mfululizo wa ile Onyx Storm tuliyoitaja. Violet Sorrengail ana mwili dhaifu, na viungo vyake huumia upesi. Alitaka kuwa mtunza kumbukumbu katika maktaba, lakini mama yake, jenerali, akamlazimisha kuingia chuo cha vita cha wapanda majoka. Siku ya kuchaguliwa, Violet hakukimbilia joka kubwa. Alisimama kulitetea joka dogo la rangi ya dhahabu, Andarna, lililokuwa karibu kuuawa na wanafunzi wengine. Kwa ajili ya tendo hilo joka kubwa jeusi, Tairn, likamchagua, na dogo likamchagua pia.

Yafaa tulitazame tendo hilo kwa makini. Beowulf alishinda joka kwa kupigana. Violet anapewa joka kwa sababu amemlinda mnyonge. Hadithi imegeuka, lakini haikusahau asili yake: bado yauliza mtu ana moyo gani.

Mapenzi ya Violet na Xaden Riorson nayo yana jambo la kufundisha. Joka la Violet na joka la Xaden ni mume na mke, hawawezi kukaa mbali siku nyingi, na kwa hiyo wapandaji wao wamefungwa pamoja wapende wasipende. Xaden ana siri nyingi, na historia waliyofundishwa wanafunzi wa chuo kile si kamili. Violet hadai zawadi wala maneno matamu. Anadai ukweli. Psyche alishika taa ya mafuta. Violet anashika maswali. Kazi ni ileile.

5. Vipimo vitatu

Mbali na riwaya hizo, ziko nyingine nyingi ambazo mwanamume ndiye joka: mchana mtu, na akikasirika huota magamba na kuruka. Mara nyingi mwanamume huyo humwita msichana hazina yake. Humwambia kwamba tangu azaliwe ameandikiwa kuwa wake, humfungia katika ngome yake kwa ajili ya usalama, na huwaka moto kila mwanamume mwingine akimtazama. Mwandishi huyaita hayo mapenzi. Lakini sisi tuliokwisha kusoma Beowulf twaijua tabia hiyo: ndiyo tabia ya joka lililolalia kikombe. Dhahabu haiulizwi inapenda kulaliwa na nani.

Kwa hiyo kila usomapo kisa cha namna hii, tumia vipimo vitatu.

Kwanza, kipimo cha mlango. Je, msichana aweza kutoka, na akitoka atabaki salama? Anayependwa ana mlango. Anayelindwa kama mali ana ukuta.

Pili, kipimo cha taa. Je, anaruhusiwa kujua? Mapenzi yanayotaka giza yana jambo la kuficha. Akiambiwa "niamini tu, usiulize," basi akumbuke Psyche.

Tatu, kipimo cha paa. Je, wapenzi wakiisha kupata jumba, wanawakumbuka waliowasaidia? Mapenzi yanayowasahau wengine wote hatimaye hurudi jaani.

Riwaya inayoshinda vipimo hivi ni kitabu kizuri, hata kama ina majoka kumi. Isiyoshinda yaweza bado kusomwa, lakini isomwe kama mtu atazamavyo moto: kwa mbali kidogo. Na vipimo hivi havikuwekwa kwa ajili ya vitabu tu. Msichana akiletewa barua na mtu anayemwita malkia lakini hataki asome, au asionekane na rafiki zake, hana haja ya kuona magamba ndipo amtambue joka. Vivyo hivyo mvulana ajipime mwenyewe kabla ya kumwandikia mtu barua.

6. Neno kwa wazazi na walimu

Mzazi akiona joka katika jalada la kitabu, asidhani vitabu vyote ni sawa. Fourth Wing na vilivyofuata viliandikwa kwa ajili ya watu wazima. Vina mauaji mengi na mambo ya chumbani, wala si vya watoto wa kidato cha kwanza. Riwaya nyingi za wanaume majoka ni hivyohivyo. Lakini The Hobbit na Eragon vyafaa kwa vijana. Chafaa pia Dragonsong cha McCaffrey, cha mwaka 1976, kinachosimulia habari za msichana Menolly aliyekatazwa na baba yake kutunga nyimbo, akakimbilia pangoni na kuishi na mijusi tisa ya moto. Afadhali mtoto apewe kitabu kizuri na kipimo cha kukisomea, kuliko kunyang'anywa kibaya akakisoma chini ya blanketi bila kipimo chochote.

Kwa wanafunzi twasema hivi. Babu na bibi zenu wana majoka yao. Kabla ya kutamani ya Pern, ulizeni ya kwenu, yaandikeni, maana Steere aliandika yale aliyosimuliwa na watu wa Unguja, na kama wasingesimulia, yule paa angekuwa amesahauliwa mara mbili.

Maswali

1. Eleza kwa maneno yako jinsi tabia ya joka ilivyohamia kwa bwana wa paa. Linganisha na Thorin katika The Hobbit.

2. Psyche alifanya vema au vibaya kuwasha taa? Toa sababu mbili za kila upande, kisha toa hukumu yako.

3. Chagua riwaya au hadithi yoyote ya mapenzi uliyoisoma, hata isiyo na joka. Ipime kwa kipimo cha mlango, cha taa na cha paa.

4. Mwombe mzee wa kwenu akusimulie hadithi yenye joka au nyoka mkubwa. Iandike kwa Kiswahili, kurasa zisizozidi tatu, kisha useme joka hilo linalinda nini.